KITABU CHENYE HABARI ZA KWETU KIKO RAFU GANI?

Mhariri wa jarida letu amenitengea kurasa chache ili nieleze namna ya kutafuta vitabu na ushahidi katika maktaba ya chuo. Najua yuko atakayeguna na kusema, "Sisi wa shule ya kutwa, maktaba yetu ni kabati moja la mbao lenye kufuli. Hayo ya chuo yanatuhusu nini?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Yanatuhusu, tena sisi wa Tseikuru yanatuhusu kuliko watu wa Nairobi, manake habari zao zimejaa kila kitabu na zetu ni lazima zitafutwe kwa tochi.

Nitaeleza kwa mfano mmoja tu, kazi ambayo chama chetu kilifanya muhula wa pili. Kulikuwa na mjadala kati ya kidato cha tatu na cha nne, na hoja ilikuwa hii: "Kiswahili kililetwa Ukambani na shule." Sisi wa kidato cha tatu tulipewa upande wa kupinga. Kila mtu akaanza kusema alivyosikia kwao, ati babu zetu walikuwa wakitembea kwa miguu hadi Mombasa na pembe za ndovu mabegani kabla mzungu hajaonekana huku, na ati huko ndiko walikosikilizana na Waswahili. Mwalimu mlezi wa chama alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali matatu. Nani aliyesema? Kimeandikwa wapi? Ukurasa wa ngapi? Akatangaza kwamba mwaka huu hoja isiyo na chanzo haitapata alama hata moja.

Kidato cha nne walifurahi, kwa sababu upande wao ulikuwa mteremko. Mmoja wao akatuambia wazi kwamba Ukambani kaskazini hakuna historia iliyoandikwa, kwa hivyo tusijisumbue. Neno hilo lilituuma kuliko habari ya alama.

Kitabu chetu cha darasani cha Historia kinamtaja mfanyabiashara Kivoi wa Kitui kwa mistari michache, basi. Hapo ndipo Mwalimu alipoandika barua kwa chuo kimoja katika kaunti yetu, tukaruhusiwa wanafunzi watatu, Jumamosi moja, toka saa tatu hadi saa kumi. Tulipanda gari alfajiri, tukapitia Kyuso hadi Mwingi na kuendelea, na tulipofika vumbi lilikuwa limetugeuza wazee wenye mvi. Saa saba tu, na vitabu maelfu. Mtu akiingia bila mpango atazunguka rafu kama kuku aliyepoteza vifaranga, na saa kumi ikifika hana kitu.

Basi jambo la kwanza halifanyiki maktabani. Linafanyika nyumbani, kwa kalamu na karatasi. Andika swali lako kwa ukamilifu, halafu litoboe: ni watu gani wanaohusika, ni mahali gani, ni jambo gani, ni wakati gani. Letu lilikuwa hivi: watu ni Wakamba na Waswahili; mahali ni Kitui, Mombasa na njia ya kati; jambo ni biashara na lugha; wakati ni kabla ya 1895, mwaka ambao Waingereza walitangaza nchi hii kuwa himaya yao. Chini ya kila neno acha nafasi ya mistari mitano hivi. Nafasi hiyo ni ya majina mengine ya kitu kile kile, na hapa ndipo penye kiini cha somo langu, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Katalogi ya maktaba, iwe ni kabati la kadi kama zamani au tarakilishi kama sasa, haijui ulichokusudia. Inajua ulichoandika. Ina milango mitatu ya kuingilia: jina la mwandishi (la ukoo likitangulia, yaani Ogot kwanza halafu Bethwell), jina la kitabu, na mada. Sisi tulianza na jina la kwetu. Tseikuru: hakuna. Kivui, kama wazee wanavyomwita: hakuna. Tukajaribu Kamba peke yake, yakaja mengi yenye mchanganyiko. Tukacheka, kwa sababu kwa Kiswahili kamba ni ya kufungia mbuzi, na mtu wa pwani ukimtajia kamba anafikiria kitoweo. Mkutubi wa chuo, mama mmoja mpole, akatukaribia na kuuliza, "Watoto wangu, mnatafuta nini?" Tukamweleza. Akatuambia neno ambalo sitalisahau: tutafute kwa jina walilotumia walioandika, si kwa jina tunalojiita sisi.

Tazama mwenyewe. Mwaka 1910 Hobley, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza, alipiga chapa kitabu kuhusu watu wetu akaandika A-Kamba, kwa kistari katikati. Mwaka 1920 Lindblom, mtaalamu kutoka Uswidi, akaandika Akamba. Krapf, mmisionari ambaye nitamrudia, aliandika Wakamba. Munro, mwaka 1975, akaandika Kamba tu. Watu ni wale wale! Mwanafunzi anayejua jina moja anapata robo ya vitabu, na yule anayeyajua manne anavipata vyote. Na Krapf huyo huyo aliita mto wa Tana Dana, na mlima Kenya akauandika Kegnia. Anayetafuta Kenya katika faharasa yake atapitwa na mlima mzima.

Mahali nako hubadilika. Tseikuru ilikuwa katika wilaya ya Kitui tangu ukoloni. Miaka ya 1990 ikakatwa wilaya ya Mwingi, nasi tukawa watu wa Mwingi. Uchaguzi wa 2013 ulipopita tukawa chini ya serikali ya Kaunti ya Kitui. Kwa hivyo ukitaka habari za hapa za mwaka 1950, tafuta Kitui. Ukitaka za 1997, tafuta Mwingi. Ukitaka za karibuni, rudi Kitui tena. Vitabu havihami pamoja na mipaka.

Tukishapata jina la kitabu katika katalogi, pembeni kuna nambari. Nambari hiyo ni anwani ya kitabu rafuni, na imebandikwa mgongoni mwake. Inakopi hiyo nambari yote, pamoja na herufi zilizo chini yake, usiseme utakumbuka. Mpango unaotumika katika maktaba nyingi ulitolewa na Mmarekani aitwaye Melvil Dewey mwaka 1876. Aligawa elimu yote mafungu kumi, kutoka 000 hadi 900. Lugha ziko 400, fasihi 800, historia na jiografia 900. Kisha kila fungu linagawanywa tena na tena, na nukta inaanza baada ya tarakimu tatu. Historia ya Kenya ni 967.62. Lugha ya Kiswahili ni 496.392, na fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Methali na vitendawili viko 398, mbali kabisa na riwaya. Baba yako akifuga nyuki, mwambie vitabu vya kazi yake viko 638.1.

Baada ya nukta usisome kama hesabu ya mamia. Soma tarakimu moja moja. 967.62 inatangulia 967.7, hata kama sitini na mbili ni kubwa kuliko saba. Wengi hupotea hapo.

Niseme pia lililonikera. Bwana Dewey aliwapa Waamerika 810, Waingereza 820, Wajerumani 830, Wafaransa 840, kila mtu na shamba lake. Sehemu kubwa ya Afrika, lugha zaidi ya elfu, ikabanwa ndani ya 896, kwenye kona ya "nyinginezo". Ndiyo sababu nambari za vitabu vyetu ni ndefu kama treni. Sisemi tuache kuzitumia, maana ndizo zilizopo. Nasema tu ukiona kitabu cha Kiswahili kiko rafu ya mwisho chini kabisa, ujue si kwa bahati.

Ukienda kwenye vyuo vikuu vikubwa, Nairobi kwa mfano, utakuta mpango mwingine wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaoanza kwa herufi. Historia ya Afrika ni DT, na Kenya ni DT433.5. Kiswahili kiko PL8701 na kuendelea. Kanuni ni ile ile, jina kwanza, anwani pili, miguu tatu.

Sasa twende rafuni. Ukifika kwenye kitabu chako, usikichomoe ukaondoka mbio. Simama uangalie jirani zake wa kulia na kushoto, kwa sababu vitabu vya mada moja hukaa pamoja. Lakini jirani si ndugu wote. Biashara ya zamani ya Wakamba inaweza kuwa 967.62 kwa historia, au 380 kwa biashara, au 305.8 kwa habari za jamii, au 916.762 kwa safari za watu waliopita Kenya. Mambo ya kwetu yametawanywa chumba kizima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi siku hiyo tuliinama, tukapanda ngazi, tukainama tena.

Halafu kuna habari zilizofichwa kabisa. Nazo ni sura zilizo ndani ya vitabu vya watu wengine. Katalogi hukuonyesha jina la kitabu na la mhariri, lakini aghalabu haikwambii kuna sura zipi ndani. Kuna kitabu kinaitwa Hadith 2, kilichohaririwa na Profesa Bethwell Ogot na kupigwa chapa Nairobi mwaka 1970. Jina hilo linaweza kumpeleka mtu wa Kiswahili kwenye rafu ya ngano na visa, kumbe ni kitabu cha historia tupu! Na ndani yake kuna sura ya Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Tanzania, juu ya historia ya uchumi wa Wakamba kutoka 1850 hadi 1950. Mwaka huo huo wa 1970 Richard Gray na David Birmingham walihariri kitabu cha biashara ya Afrika kabla ya ukoloni, na ndani yake John Lamphear akaandika sura nzima kuhusu Wakamba na pwani ya kaskazini ya Mrima. Mgongoni mwa kitabu hicho hakuna neno Kamba wala Kenya. Ungepita mbele yake mara mia.

Je, mtu atazijuaje sura za namna hiyo? Kwa tanbihi na orodha ya marejeo. Ukipata kitabu kimoja kizuri, usiishie kwenye maneno yake, nenda nyuma uone yeye alisoma nini. Kitabu cha Munro kilichapishwa Oxford, kinahusu utawala wa kikoloni na Wakamba kutoka 1889 hadi 1939. Sehemu kubwa inazungumzia Machakos, na mwenye haraka angekirudisha rafuni. Lakini tanbihi zake ni kama njia za mbuzi porini, zote zinakwenda kwenye maji. Mwandishi mmoja anakupeleka kwa watatu, na hao watatu wote wanakutajia jina moja la zamani. Jina hilo likirudiwa mara nyingi, ujue umekaribia chemchemi yenyewe.

Kwetu sisi jina hilo lilikuwa Krapf.

Hapa nieleze tofauti ya vyanzo, manake mtihani nao unapenda kuuliza. Chanzo cha kwanza ni cha mtu aliyeshuhudia, au kitu kilichotengenezwa wakati ule ule: barua, shajara, ripoti, ushuhuda wa mzee aliyekuwapo. Chanzo cha pili ni cha mtu aliyesoma vya kwanza akaeleza. Munro, Lamphear na Kimambo ni vyanzo vya pili juu ya miaka ya 1840. Johann Ludwig Krapf ni cha kwanza. Alikuwa Mjerumani aliyetumwa na chama cha kimisionari cha Kiingereza, akafika Mombasa 1844, na kuanzia 1846 yeye na mwenzake Rebmann wakaweka makao Rabai. Mwishoni mwa 1849 alikuja mpaka Kitui kwa Kivoi, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona mlima Kenya kutoka Kitui. Alirudi 1851, akafuatana na Kivoi kuelekea Tana, mto huu huu ulioko kaskazini mwetu. Njiani wakavamiwa na Kivoi akauawa. Krapf akakimbia peke yake nyikani, akabeba maji ndani ya mtutu wa bunduki na katika mfuko wa ngozi wa darubini. Habari hizo aliziandika mwenyewe, kwa Kijerumani 1858 na kwa Kiingereza 1860.

Tuliposoma hapo mmoja wetu akapiga meza kwa furaha, mkutubi akatutazama, tukatulia.

Lakini ngoja. Kupata kitabu si kupata jibu. Krapf anathibitisha kwamba Wakamba walikuwa wakifanya biashara ya pembe na watu wa pwani kabla ya Waingereza kutawala. Je, anathibitisha kwamba watu wa Kitui walisema Kiswahili? Hilo ni jambo jingine. Mfanyabiashara mmoja kujua lugha si kijiji kizima kuijua. Kuna wanaosoma sentensi moja wakaijaza tamaa zao mpaka ikapasuka. Sisi tulikubaliana kuandika pande mbili za daftari: kushoto anachosema mwandishi, kulia tunachodhani sisi, na mstari mwekundu katikati.

Katika upande wa kulia tuliandika hoja ambayo mimi naiona ndiyo bora tuliyopata. Mwaka 1850 Krapf alipiga chapa Ujerumani kitabu cha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, na Kiswahili (yeye aliandika Kisuaheli) na Kikamba zimo bega kwa bega, pamoja na Kinyika, Kipokomo na nyinginezo. Sasa piga hesabu. Alifika Kitui mara ya kwanza mwisho wa 1849, akakaa muda mfupi, naye akarudi pwani. Kitabu kiko mtamboni Ulaya 1850. Maneno yote hayo ya Kikamba hangeweza kuyakusanya katika safari ile peke yake. Basi lazima aliwapata Wakamba huko huko pwani, karibu na Rabai, na hao Wakamba walikuwa wakiishi na kuuziana na Waswahili na Wamijikenda. Hii ni hesabu yetu, si maneno yake, ndiyo maana iko kulia kwa mstari. Lakini ni hesabu inayosimama kwa miguu yake, na miaka yake yote inaweza kukaguliwa na yeyote.

Jambo la pili la kukumbuka juu ya chanzo cha kwanza ni kwamba shahidi naye ana macho yake. Krapf alikuja kuhubiri, na mahali fulani anawasema wazee wetu kwa maneno ya dharau ambayo sitayaandika katika jarida la shule. Anasema pia kwamba baada ya kifo cha Kivoi jamaa zake walimlaumu yeye kwa kurudi hai. Upande wa jamaa hao hatuna. Ni Krapf anayetuambia walisema nini. Ukisoma kesi ambayo mshtakiwa ndiye karani, soma polepole.

Yaliyobaki nitayapitia upesi. Kamusi na ensaiklopidia ziko chumba cha marejeo na haziazimwi, soma hapo hapo. Faharasa iko mwisho wa kitabu na ni rafiki wa mtu mwenye saa saba. Yaliyomo yako mwanzo na yanakupa ramani. Andika mwandishi, jina la kitabu, mji, mwaka na ukurasa kabla ya kuandika neno lingine lolote, kwa maana ukifika Tseikuru hutarudi chuoni kutafuta ukurasa. Maneno ya mwandishi yatie alama za kunukuu. Yako yaache bila. Usichore kitabu cha watu, hata kwa penseli.

Magazeti ya kitaaluma na tasnifu za wanafunzi wa vyuo vikuu pia ni hazina, hasa tasnifu, kwa kuwa mwanafunzi wa chuo hutumwa mpaka vijijini kuuliza watu. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, na kile cha Nairobi, huziweka tasnifu nyingi katika hifadhi zao za intaneti, na mtu anaweza kuzisoma bila kulipa. Na tukisema intaneti, nina habari njema kwa wale wasioweza kusafiri. Vitabu vya Krapf, Hobley na Lindblom ni vya zamani mno, haki zake zimekwisha, na vimewekwa katika Internet Archive kurasa zote. Mzazi akikukopesha simu Jumapili jioni unaweza kusoma kitabu cha 1860 ukiwa umekaa chini ya mwembe. Chagua maandishi matupu, usichague picha za kurasa, la sivyo bando litaisha kabla hujafika Kitui.

Kuna na Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, zilizowekwa kwa sheria ya 1965. Huko ndiko ziliko ripoti za mabwana wilaya. Mafaili ya Kitui huanza na herufi DC/KTI. Mwanahistoria akiandika herufi hizo kwenye tanbihi, sasa unajua ametoka wapi. Karibu zaidi kuna maktaba ya umma Mwingi, ambayo wengi wetu tunapita mbele yake tukienda sokoni. Na ukiendelea na barabara hiyo utafika Garissa, ambako mwaka 1996 Maktaba ya Taifa ilianza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Mimi huwaza, ngamia mmoja tu akikosea njia akaja upande huu, tungemkaribisha vizuri sana!

Matokeo ya mjadala yamo katika ripoti ya katibu, ukurasa mwingine wa jarida hili, sina haja ya kuyarudia.

Lakini kuna jambo tulilorudi nalo ambalo halikuwa la mjadala. Katika vitabu vyote tulivyofungua siku hiyo tulikagua faharasa kwa herufi T. Tukakuta Taita, Tana, Tharaka. Tseikuru hatukuiona hata mara moja. Krapf alikuwa akielekea Tana, Munro alikuwa Machakos, Lamphear alikuwa pwani. Wote walituzunguka. Mwenzetu wa kidato cha nne alikuwa amesema kwamba huku hakuna historia iliyoandikwa, na kwa kweli nilitamani nimwonyeshe mstari mmoja, mmoja tu, wenye jina hili.

Kwa hivyo muhula wa tatu tulianza kuuliza wazee, na kanuni za maktaba tukaenda nazo. Susu yangu alikuwa wa kwanza. Nilipomwambia nataka jina lake kamili, umri, kijiji na tarehe, akacheka akauliza, "Kwani unanipeleka kwa chifu?" Nikamwambia, "La, susu, nakupeleka kwenye rafu." Tukaandika maneno yake kwa Kikamba kama alivyoyasema, na tafsiri ya Kiswahili ukurasa wa pili. Alipotaja jambo aliloliona, tuliweka alama ya jicho. Alipotaja jambo aliloambiwa na mama yake, tuliweka alama ya sikio, na chini yake jina la aliyemwambia. Alipokosa mwaka tulimuuliza njaa gani ilikuwa karibu na wakati ule, maana wazee wa Ukambani huhesabu miaka kwa njaa, na jina la njaa linaweza kulinganishwa na ripoti za serikali. Wazee wawili wakitofautiana, tunaandika wote wawili. Hatuamui.

Mpaka sasa kuna madaftari matatu, wazee sita. Moja linahusu njia za zamani za kwenda kuuza, moja majina ya mahali, na moja maneno ya Kikamba ambayo wazee wanasema yalitoka pwani. Hilo la mwisho bado lina upande wa kulia mrefu kuliko wa kushoto, na tunahitaji wasaidizi wanaoishi upande wa mtoni. Yameandikwa nambari mgongoni, 967.62 mawili ya kwanza na 496.392 la tatu, yamewekwa rafu ya juu ya kabati. Ufunguo uko kwa katibu wa chama. Unaazima kwa siku saba, unajaza jina lako katika kitabu cha kuazimia, na ukimpata mzee anayesema tofauti, usifute kilichopo, ongeza karatasi yako nyuma pamoja na tarehe.